Babu Aliporudi na Adabu

Babu yangu alilazwa kwa dawa ya usingizi, akapasuliwa ngiri ya upande wa kulia, akarudi nyumbani akiwa mtu mwenye adabu. Watu wote wa kwetu walifurahi. Mimi peke yangu niliogopa, kwa sababu ngiri ya upande wa kushoto ilikuwa bado ipo, na daktari alikuwa amesema tumrudishe baada ya miezi mitatu ili alazwe tena.

Kabla sijaeleza jinsi adabu inavyoweza kumtisha mtu, ni lazima nieleze mambo yalivyokuwa kabla ya adabu kufika.

Babu ni wa ukoo wa Mamba, na bibi ni wa ukoo wa Samaki. Koo hizi mbili ni watani. Mamba anaweza kumwambia Samaki neno lolote, hata msibani, na Samaki hana ruhusa ya kukasirika. Kazi yake ni kutafuta neno baya zaidi la kurudisha. Watani wengi hukutana kwenye mazishi, wakatukanana, wakaenda zao. Hawa wawili walioana. Kwa hiyo nyumbani kwetu, kati ya Nchelenge na Kashikishi, kando ya ziwa, siku ilianza hivi kila asubuhi:

"Bado unapumua, we kambale?"

"Nakungoja utangulie, Mamba usiye na meno."

"Nikitangulia utaolewa na nani? Hata paka akikuona anageuza njia."

Hapo bibi alicheka, akawasha moto.

Mimi nami nilikuwa na sehemu yangu. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu kwa utani, na ni mke mwenza wa bibi. Babu aliniita mke wangu mdogo, bibi aliniita mke mwenzangu mvivu. Mjukuu mchangamfu hujibu. Mimi ni mtu wa haya. Nilisoma hadi darasa la sita, na sidhani mwalimu aliwahi kusikia kutoka kwangu neno lolote zaidi ya "nipo." Nilikuwa na miaka kumi na sita wakati huo, na babu aliponitania niliangalia miguu yangu tu. Yeye hakujali. Alinitania kwa niaba yetu wote wawili.

Maumivu yake yalikuwa ya miaka mingi. Ujanani alikwenda kufanya kazi migodini Katanga, akarudi na Kiswahili na mgongo mbaya. Kisha akavuta mitumbwi ya mbao kutoka ziwani mpaka ngiri zikamtoka pande zote mbili. Maumivu hayo aliyaita Bwana Boma, kama mkubwa wa serikali, kwa kuwa huja bila kualikwa, hukaa anapotaka, na akifika kila mtu anasimama. "Bwana Boma ameamka," alisema, akashika kinena kwa kiganja, akaegemea ukuta mpaka yapite. Mwishoni alikuwa analala ameketi. Alikuwa hawezi tena kwenda mpaka ufukweni, akawa anatengeneza nyavu barazani, akitukana kwa sauti iliyokatika katikati.

Ndiyo sababu tulipanda lori la samaki wakavu tukaenda hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima kuelekea kusini. Daktari alikuwa mzungu mrefu aliyewahi kufanya kazi ng'ambo, upande wa Kongo. Kibemba alikijua cha salamu tu, lakini Kiswahili cha Katanga alikisema vizuri, na babu alipokisikia alinyooka kama mtu aliyekutana na ndugu.

Daktari alieleza kwamba mzee anayelazwa kwa etha, dawa ya usingizi ya kunusa, lazima kwanza apimwe akili, ili ijulikane kama dawa imechukua kitu. Alifungua daftari lake kubwa. Akaninyooshea kidole mimi.

"Muzee, huyu ni nani?"

"Huyu? Ni muke wangu mudogo," babu akasema. "Nimemuoa mwaka huu."

Daktari akaandika. Kisha akamnyooshea kidole bibi.

"Na huyu?"

"Huyu ni samaki. Nilimukuta anaelea ku mayi ya ziwa, nikamuhurumia."

Daktari alimtazama bibi, akingoja msaada. Bibi alikuwa ameshaona kwamba utani umenoga, na mgeni yupo wa kusikiliza.

"Ni kweli, munganga," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Na huyu mutoto ni muke mwenzangu. Muvivu sana. Akisonga bukari, hata mbwa anaacha kula."

Daktari aliandika tena, safari hii kwa muda mrefu, na nadhani sehemu ya maandishi yale ilimhusu bibi. Dresa, msaidizi wake, alikuwa mtu wa huku huku na angemweleza mambo yote kwa sentensi moja, lakini alikuwa nje akichemsha visu. Basi daktari akanigeukia mimi.

"Weye unasema nini? Ni kweli uko muke yake?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Ningesema: hapana, ni utani. Lakini kumkana babu mbele ya mgeni ni vibaya, na sauti yangu ilikuwa imekwisha kuondoka. Nikaitikia kwa kichwa.

Daktari alifunga daftari polepole, kwa huruma.

Dresa ndiye aliyetusimulia yaliyotokea ndani. Walimwekea babu usoni kinyago cha waya chenye kitambaa, wakadondosha etha tone kwa tone, wakamwambia ahesabu. Akahesabu hadi tisa, akamwambia dresa kwamba ana masikio kama milango ya kanisa, akalala. Alipoamka alitapika, kisha akauliza kama zamu imekwisha na kama lifti inapanda. Siku mbili aliamini yuko mgodini, akawaamuru wagonjwa wenzake washike makoleo. Siku ya tatu alinyamaza. Dresa alisema moshi wa dawa unatoka taratibu. Daktari alipopita na kumuuliza mimi ni nani, babu alijibu, "Pengine muke wangu?" Daktari akatazama daftari, akaona jibu ni lile lile la mwanzo, akaturuhusu.

Nyumbani, asubuhi ya kwanza, bibi aliweka mbele yake ugali wa muhogo na chisense, dagaa wa ziwa letu, akasimama, mikono kiunoni, akingoja. Babu alinawa. Alikula. Akasema:

"Asante sana, mama. Chakula ni kizuri."

Bibi aligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

Kesho yake alisema hivyo hivyo, akaongeza, "Mmejisumbua." Bibi alipopita karibu, aliondoa miguu ili asimzuie njia. Bibi alikwenda ufukweni, mahali wanawake wanapoanika chisense mchangani, akatangaza kwamba hospitali haikutoa ngiri tu, imeng'oa na miiba ya ulimi. Nilikuwepo, nikigeuza samaki.

"Ananiita mama," alisema. "Ananishukuru hata kwa maji."

"Hebu! Hiyo dawa inapatikana kwa chupa?" akauliza jirani yetu.

"Mpaka apasuliwe."

"Wangu hana ngiri."

"Mtafutie."

Walicheka mpaka kunguru wakaruka. Tangu siku ile wanawake walikuja kwetu kwa visingizio, mmoja kuomba moto, mwingine kuomba chumvi, ili wamsikie mwanamume akisema asante. Babu aliwaridhisha wote. Aliwaamkia kwa heshima, akawauliza habari za safari. Hao walikuwa majirani wa miaka thelathini, na mmoja nyumba yake inaonekana kutoka kwenye kiti chake. Walidhani anatania.

Hiyo ndiyo taabu ya kuwa mtani. Ukiwa mtu wa kawaida, siku utakayomwita mkeo samaki watu watamwita mganga. Babu alikuwa amesema mambo ya kichaa kwa miaka arobaini, kwa ruhusa ya mila, na sasa hakuna aliyeweza kumwona akipotea.

Mimi nilimwona siku moja asubuhi, bibi akiwa ziwani. Aliniita, lakini hakuniita mke wangu. Alisema, "Binti."

Nikaenda.

"Samahani, binti. Yule mama mzee anayenipikia, jina lake nani? Nataka kumshukuru kwa jina, nami naona aibu kumuuliza mwenyewe. Nimekaa hapa siku nyingi mno."

Nilicheka kidogo, kwa vile ndivyo inavyotakiwa. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika sindano ya nyavu, na uzi ulikuwa umeishia katikati ya fundo.

"Ni mtu mwema sana," akasema. "Mumewe yuko wapi?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama huko mpaka ugali ukaungua.

Tangu hapo nilianza kumchunguza. Niligundua kwamba hakuwa amepotea kila siku. Kuna siku aliamka na kumwita bibi kambale, na siku hiyo alizifahamu nyavu zake, akajua nani kafa na nani kaoa. Siku ya adabu hakujua lolote. Nilichukua daftari langu la shule, nikaandika kila siku T ya tusi au A ya adabu. Mwezi wa kwanza zilijaa A. Mwezi wa pili T zikaanza kuonekana, moja moja. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia bibi yangu akiitwa kichwa cha samaki aliyesahauliwa juani. Niliona kwamba babu anarudi, polepole, kwa mguu, kama mtu aliyekosa lori. Na mwezi wa tatu ukaingia, siku ya kurudi hospitali ikakaribia, na Bwana Boma wa upande wa kushoto akawa haamki tena kwa kuwa halali kabisa. Babu alitetemeka jasho likimtoka. Siku ya tusi na siku ya adabu, alisema jambo moja: "Nipelekeni wakate."

Nifanye nini? Nikisema asiende, atabaki na maumivu. Nikinyamaza, watamdondoshea tena etha, na safari hii pengine hatapata njia ya kurudi. Na bibi alikuwa anafunga mizigo huku anaimba.

Kuongea nilijua sitaweza. Kwa hiyo nikaandika. Mimi huandika polepole. Ukurasa ule mmoja ulinichukua siku tisa. Nilieleza utani wa Mamba na Samaki, mke mdogo, mke mwenza, nikaeleza T na A, nikaomba msamaha kwa kuitikia kwa kichwa. Niliukunja nikauweka kifuani, nikajiambia: nitampa daktari, atausoma kimya, nami nitaangalia sakafu.

Daktari alitupokea vizuri. Alifungua daftari lake, akatusomea.

"Mbele ya dawa: anasema mutoto ni muke, muke ni samaki. Nyuma ya dawa: mutoto ni muke. Bon, sawa. Dawa haikubeba kitu. Tutafanya kama mara ya kwanza."

Bibi akaitikia. Nilitoa karatasi, nikaiweka mezani kwa mikono miwili. Daktari akavaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii ni Kibemba," akasema, akanirudishia. "Soma. Kwa Kiswahili, na kwa nguvu."

Nilimtazama dresa. Dresa akatazama dari.

Basi nikasoma. Mstari wa kwanza haukusikiwa na mtu. Wa pili daktari alisema, "Pandisha sauti." Nikaendelea, nikigeuza Kibemba kuwa Kiswahili cha babu, na sauti ikatoka kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Nilipofika kwenye utani, dresa alijiziba mdomo na kitambaa, mabega yakicheza, na daktari alianza kufuta katika daftari lake. Nilipofika mahali babu anapouliza mume wa yule mama mwema yuko wapi, nilisita, kwa maana bibi alikuwa ameketi pale pale.

"Maliza," bibi akasema.

Nikamaliza. Babu alikuwa kwenye benchi, kiganja kinenani, akitusikiliza sote kwa heshima kubwa. Ilikuwa siku ya A.

"Nilijua," bibi akasema kwa Kibemba, akinielekea mimi. "Unadhani mtu alale na mwenzake miaka arobaini, asijue siku anapolala na mgeni? Wiki ya pili nilijua."

"Mbona ulifurahi, bibi?"

"Ningefanya nini? Nilie ufukweni, waseme mume wake amemsahau? Bora waseme amepata adabu." Akafunga upya kitambaa cha kichwa, ingawa kilikuwa kimefungwa sawasawa. "Na miaka arobaini ninaitwa kambale. Nikipumzika kidogo, kosa liko wapi?"

Dresa akamfasiria daktari, na sehemu ya mwisho aliifasiri vizuri zaidi kuliko ya mwanzo.

Daktari alikaa akifikiri. Kisha akasema kwamba kwa wazee usingizi ule unaweza kubeba vitu; vingine hurudi baada ya miezi, vingine havirudi, na yeye hawezi kujua vipi vitarudi. Kuacha ngiri nako hakufai, siku moja utumbo unaweza kunaswa ndani yake, na hapo mtu hufa. Lakini ipo njia nyingine: sindano ya mgongoni. Miguu inalala, kichwa kinabaki macho. Nayo ina hatari yake, na wengi hawaipendi, kwani mtu anasikia kila kitu. Mara ya kwanza hakuichagua kwa sababu aliona mzee amekwisha kuchanganyikiwa, akaogopa atahangaika mezani.

Ndipo nilipoelewa kichwa changu kilifanya nini siku ile nilipoitikia.

"Mumuulize mwenyewe," bibi akasema.

Daktari akainama mbele ya benchi, akamweleza babu polepole. Babu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kichwa hakitalala?"

"Hapana, muzee. Miguu tu."

"Miguu ilale. Tangu mwaka jana haifanyi kazi." Akafikiri. "Na huyu mama akae karibu. Amenitunza sana. Sina namna ya kumulipa."

Bibi alitoka nje haraka, akasema amesahau kikapu.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na dirisha la wavu, nasi tuliketi chini yake, juu ya majani, tumeegemea ukuta. Kwa muda hatukusikia kitu ila vyuma. Kisha tukasikia sauti ya babu. Alimweleza daktari juu ya mgodi. Alimweleza juu ya nyani aliyeiba suruali ya kapita, msimamizi wao. Alieleza aina za mafundo ya nyavu, lipi hushika na lipi huteleza, akauliza daktari anatumia lipi.

"Muzee, nyamaza kidogo," tulisikia daktari akisema. "Ninashona."

"Ulisema kichwa kinakaa macho. Sasa kinafanya kazi yake."

Vyuma vikagongana tena.

"Vuta mbele ukaze," babu akasema. "Usifunge kama furushi la mukimbizi."

Bibi alinishika mkono. Tusi lile halikuwa lake, lilikuwa la daktari, lakini lilikuwa tusi.

Walipomtoa, daktari alikuwa amelowa jasho, babu alikuwa mkavu. Walimlaza kitandani. Akainua shuka, akaangalia chini, akasema:

"Hii miguu muliyoniwekea ni ya nani?"

Dresa alimtazama daktari, daktari alimtazama bibi, bibi alinitazama mimi, kana kwamba nina ukurasa mwingine kifuani. Hata leo sijui kama alitania au la. Jioni vidole vilianza kucheza, akaikubali miguu, akalala usingizi wake mwenyewe, akiwa amelala chali, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Sasa ni mwaka wa pili. Bwana Boma amehama upande wa kushoto. Upande wa kulia, palipokatwa kwanza, ameacha askari mmoja anayechoma wakati wa mvua, na daktari anasema huyo pengine hataondoka. Kichwa cha babu hakikupoteza kitu kwa sindano. Hakikurudisha vyote pia. Katika daftari langu T ni nyingi kuliko A, lakini A hazijaisha, na nimeacha kuandika.

Siku za A, bibi amebuni njia yake. Haongojei tena kuulizwa. Anaweka chakula, anaketi mbele yake, anasema, "Mimi ni mke wako."

"Samahani, mama, sikujua," babu anasema. "Tulioana lini?"

Naye anamsimulia. Kila mara anaongeza kitu. Mwanzo babu alikuja kumposa kwa miguu. Baadaye alikuja kwa mtumbwi. Siku hizi anakuja na mitumbwi mitatu na ngoma, na wanaume wengine wanne wanaomtaka bibi wanakimbilia mbali, hadi Puta, kwa aibu. Babu anasikiliza, mdomo wazi, akimwonea wivu huyo kijana.

Wiki iliyopita bibi alisema kwamba baba yake alipokataa, babu alipiga magoti mbele ya watu wote, akalia machozi.

Babu aliacha kutafuna.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Mengine siyajui, mama, sitabishana nawe." Akaweka tonge chini. "Lakini sikulia."